Kauli Isiyo na Isnadi: Chimbuko la Hukumu ya Awali kuhusu Njombe na Makambako katika Utani, Mazungumzo na Tamthiliya ya Orodha

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyojenga na kusafirisha hukumu ya awali, yaani uamuzi ambao mtu huubeba kuhusu wenzake kabla hajakutana nao. Mifano inahusu watu wa Njombe na Makambako, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ambao husemwa sana kuhusu utajiri, kazi na maradhi. Makala yanatumia dhana ya isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi wa kauli, kutofautisha utani na hukumu ya awali. Kisha yanaisoma tamthiliya ya Orodha (Reynolds, 2006) kama matini inayomrudishia msomaji hukumu yake mwenyewe. Hoja kuu ni kwamba hukumu ya awali ni kauli iliyopoteza msemaji na tarehe yake. Kujichunguza ni kazi ya kuirudisha kauli hiyo kwenye njia iliyopitia, na mwishoni mwa njia hiyo yupo msemaji mwenyewe.

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili una mazoea ya kuutafuta ubaguzi ndani ya kazi inayohakikiwa. Ubaguzi huonekana kwa mkoloni, kwa mhusika mwovu, kwa mzazi anayekataza ndoa ya makabila mawili, au kwa mwandishi ambaye itikadi yake imefichuliwa. Ni nadra kuutafuta kwa msomaji, na nadra zaidi kwa mhakiki. Wahenga waliliona tatizo hili waliposema kuwa nyani haoni kundule. Hata hivyo, methali hiyo huishia kutaja upofu. Haielezi upofu umetoka wapi, wala jinsi mtu anavyoweza kuutambua ndani yake.

Njombe na Makambako ni mahali panapofaa kuliuliza swali hilo. Makambako ipo kwenye njia panda: barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia hukutana hapo na barabara ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni hapo. Kwa sababu hiyo Watanzania wengi wameiona Makambako kupitia dirisha la basi, katika muda wa kununua chakula na kuendelea na safari. Njombe yenyewe inajulikana kwa viazi, chai, mbao, parachichi na baridi. Kupita mahali humpa mtu hisia ya kupajua bila kumpa ujuzi wenyewe, na nafasi inayobaki hujazwa na maneno ya watu.

Maneno yanayochunguzwa hapa ni ya aina tatu: kwamba utajiri wa wafanyabiashara wa huko, hasa Wakinga, unatokana na dawa, kwamba watu wa huko wamezaliwa kuwa watumishi na vibarua, na kwamba wingi wa maambukizi ya Virusi vya UKIMWI ni ushahidi wa tabia yao. Mifano ya sentensi katika makala haya imetungwa kwa kufuata miundo ya mazungumzo ya kawaida. Haikunukuliwa kutoka kwa msemaji fulani.

2.0 Isnadi na matini

Katika elimu ya hadithi za Mtume, kila kauli huwa na sehemu mbili: isnadi, ambayo ni orodha ya wapokezi walioipokea kauli mmoja baada ya mwingine, na matini, ambayo ni maneno yenyewe. Mwanachuoni hahukumu maneno kabla hajawachunguza waliyoyapokea. Huuliza kila mpokezi aliishi lini, aliweza kukutana na yule anayedai kumsikia, na kumbukumbu yake ilikuwaje. Kauli ambayo mlolongo wake umekatika huitwa dhaifu, hata kama maneno yake yanapendeza.

Taaluma ya fasihi ya Kiswahili ilichukua neno matini, ikalifanya istilahi ya kila siku, lakini isnadi ikabaki katika elimu ya dini. Uteuzi huu una athari zake. Mhakiki amezoezwa kuuliza kauli inasema nini na ina maana gani, lakini hakuzoezwa sana kuuliza imemfikiaje. Kwa hukumu ya awali, swali hilo la pili ndilo muhimu zaidi, kwa sababu kwa kawaida mtu hukumbuka matini ya hukumu yake kikamilifu huku akiwa hawezi kutaja hata mpokezi mmoja.

3.0 Utani na masharti yake

Pingamizi la kwanza linaloweza kutolewa ni kwamba maneno haya ni utani tu. Pingamizi hili linastahili kujibiwa kwa makini, kwa kuwa utani ni taasisi ya kweli katika Tanzania na umeandikwa na wataalamu tangu enzi ya ukoloni, akiwamo R. E. Moreau katika miaka ya 1940. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya 1940, aliuona utani kama uhusiano unaoruhusu kukosa heshima bila kuleta ugomvi.

Mfano wa karibu ni ule wa Wahehe na Wangoni, waliopigana vita katika miaka ya 1870 na 1880 na ambao leo ni watani. Nchi ya Wabena ilikuwa katikati yao na iliguswa na vita hivyo. Kutokana na uadui wa silaha kulizaliwa ruhusa ya kusemana. Ruhusa hiyo, hata hivyo, ilikuwa na masharti. Kwanza, mtani anajulikana: anayesema ana jina, na anayesemwa yupo mbele yake. Pili, anayesemwa ana haki ya kujibu, na jibu lake linaweza kuwa kali kuliko shambulio. Tatu, mtani ana wajibu. Katika jamii nyingi huonekana msibani akifanya kazi na kuwachekesha wafiwa, na hawezi kukwepa msiba wa mtu aliyekuwa akimcheka.

Masharti haya matatu ni isnadi ya utani. Msemaji, msemwa na uhusiano wao vyote vinajulikana. Maneno yaleyale yakitolewa katika ofisi ya Dar es Salaam, au yakisambazwa kwa simu kwa watu ambao hawajawahi kufika Makambako, hayabadiliki hata neno moja, lakini masharti yote matatu yameondoka. Msemaji hajulikani, msemwa hayupo, na hakuna atakayekwenda msibani. Kwa hiyo tofauti ya utani na hukumu ya awali haimo katika matini. Anayejitetea kwamba alikuwa akitania anapaswa kuulizwa kama yule aliyetaniwa alikuwapo na kama aliweza kumjibu.

4.0 Sarufi ya kauli isiyo na mwenyewe

Kauli inapotoka katika utani huvaa miundo maalumu ya sarufi. Miundo hiyo ni ya kawaida kabisa katika Kiswahili, na ndiyo sababu msemaji hujikuta ameitumia bila kujua.

Wa kwanza ni muundo wa mazoea. Katika sentensi “Wakinga hutajirika kwa dawa”, kiambishi hu- hakipokei kiambishi cha nafsi wala cha njeo. Tukio halina siku wala mtu mahususi. Laiti msemaji angesema “Mfanyabiashara fulani alitajirika kwa dawa mwaka fulani,” angedaiwa ushahidi. Kwa hu- hadaiwi chochote, kwa kuwa ametaja asili ya kundi zima na hakudai kuwa ameona tukio.

Wa pili ni muundo wa “inasemekana”. Kiambishi i- hakirejelei nomino yoyote iliyotajwa, na viambishi vya unyambulishaji vimemwondoa mtenda. Katika neno hili hakuna anayesema. Kusema kumekuwa sifa ya jambo lenyewe. Methali “Lisemwalo lipo, kama halipo laja” ina sarufi hiyohiyo: kauli ya kutendwa isiyomtaja msemaji, ikifuatwa na ahadi kwamba ukweli utajitokeza baadaye. Methali hii hutetea kauli zisizo na isnadi, kwani inaufanya usemi wenyewe kuwa ushahidi wa kinachosemwa.

Wa tatu ni muundo wa kumshirikisha msikilizaji: “Watu wa Makambako, si unajua tena.” Hapa matini yenyewe imeachwa. Msikilizaji anatakiwa aijaze, na akicheka tu amekuwa mmiliki mwenza wa neno ambalo halikutamkwa.

Wa nne ni kishazi cha “ingawa” au “lakini”: “Ni wa Njombe lakini ni mzima”, “Ingawa ni Mkinga, mali yake ni ya halali.” Muundo huu unastahili kuangaliwa kuliko mingine kwa sababu hutumiwa na mtu mwema anayekusudia kusifu. “Lakini” huunganisha mambo yanayopingana, na ili “wa Njombe” na “mzima” yapingane, lazima pawepo sentensi ya tatu isiyotamkwa. Hivyo basi, mtu anayetaka kuitafuta hukumu yake asianze na matusi aliyowahi kutoa, ambayo huenda hayapo. Aanze na sifa alizowahi kutoa zenye “lakini” ndani yake.

5.0 Njia za kauli tatu

Kauli kwamba watu wa huko wamezaliwa kuwa vibarua ina njia inayoweza kufuatwa. Katika kipindi cha ukoloni Njombe ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotoa wafanyakazi kwa mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha kuajiri kilichojulikana kama SILABU, na wanaume walisafirishwa kwenda Tanga, Morogoro na kwingineko. Waliitwa manamba, kwa sababu walitambuliwa kwa namba. James Giblin, katika kitabu chake cha 2005 kuhusu historia ya Njombe katika karne ya 20, ameonyesha jinsi watu walivyotengwa na uchumi wa kikoloni na jinsi walivyotumia undugu kama kimbilio. Uhamaji wa kutafuta kazi ulitokana na mpangilio wa uchumi: eneo moja lilipewa mazao na reli, lingine likaachiwa kutoa nguvu kazi. Kizazi kilichofuata kilipowaona vijana wa kike wakifika mijini kufanya kazi za nyumbani, kilikuwa na jina tayari: “wa Iringa”. Jina hilo liliwafunika Wahehe, Wabena, Wakinga na Wapangwa kwa pamoja, kwani Mkoa wa Njombe ulitengwa na Iringa mwaka 2012 tu. Uamuzi wa kiuchumi uligeuzwa kuwa tabia ya watu, kisha waliofanya uamuzi huo wakasahauliwa.

Kauli kuhusu dawa ya utajiri, ambayo mitaani huitwa ndagu, inawalenga hasa Wakinga, wenye asili ya milima ya Makete. Wafanyabiashara wao wanajulikana Makambako, Njombe, Mbeya na hata Kariakoo. Mtazamaji wa nje huona duka, haoni miaka ya kubeba bidhaa, mikopo ya ndugu na kijana aliyefanya kazi kwa mjomba kabla ya kupewa mtaji. Dawa huja kujaza pengo la maelezo. Kauli hii imekuwa na gharama kubwa. Januari na Februari 2019 watoto kadhaa walitekwa na kuuawa katika eneo la Njombe, na viongozi wa serikali pamoja na vyombo vya habari waliyahusisha mauaji hayo na imani za kishirikina za kutafuta mali. Mwenye hukumu ya awali anaweza kudai kwamba matukio hayo yalimthibitishia aliyoyasema. Lakini waliouawa walikuwa watoto wa Njombe, na waliolia walikuwa wazazi wa Njombe. Kauli “hutajirika kwa dawa” huwaweka muuaji na mzazi wa marehemu katika kundi moja. Zaidi ya hayo, imani kwamba dawa huleta mali huhitaji kusemwa ili iendelee kuaminika. Anayeisema kama kichekesho akiwa mbali anaitunza sawa na anayeisema kwa hofu akiwa karibu.

Kauli ya tatu ina msingi wa takwimu. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta kiwango cha maambukizi ya VVU mkoani Njombe kuwa asilimia 14.8 kwa watu wa miaka 15 hadi 49, wakati cha taifa kilikuwa 5.1. Utafiti wa 2016–17 ulikuta asilimia 11.4, na wa 2022–23 asilimia 12.7. Isnadi ya tarakimu hizi ni nzuri: zina tarehe, mbinu na taasisi zinazowajibika. Tatizo huanzia kwa mpokezi anayefuata, ambaye huichukua idadi na kuipokeza kama tabia. Asilimia 14.8 ina maana kwamba zaidi ya watu 85 kati ya 100 hawakuwa na virusi, na haisemi lolote kuhusu mwenendo wa mmoja aliye navyo. Sababu zinazopaswa kuulizwa ni pamoja na uhamaji wa kazi uliokwisha kutajwa, ndoa zinazotenganishwa na safari, barabara kuu na biashara yake. Kwa hiyo kauli ya maradhi inairithi historia ileile ya kauli ya vibarua.

6.0 Orodha na hadhira inayosubiri majina

Tamthiliya ya Orodha ya Steve Reynolds, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 2006, imesomwa kwa miaka mingi katika shule za sekondari nchini Tanzania. Kwa kawaida hufundishwa kama kazi kuhusu UKIMWI, na dhamira zake huorodheshwa: mapenzi, malezi, unyanyapaa, unafiki. Usomaji huo ni sahihi, ila unaipita mbinu kuu ya kazi hiyo.

Furaha, msichana wa kijijini, anafariki na kuacha barua yenye orodha. Wanaume kadhaa, wakiwamo wenye heshima zao, wanahofia kwamba orodha hiyo ni ya majina yao, na hofu hiyo inaongoza matendo yao hadi barua isomwe. Inaposomwa, hadhira inakuta kwamba si orodha ya wanaume. Ni orodha ya mambo ambayo, kama angekuwa nayo, yangemsaidia kuishi.

Mshangao huo unamgusa msomaji kuliko wahusika. Wahusika walikuwa na sababu ya kuhofu, kwa kuwa walijua walichofanya. Msomaji hakuwa na sababu yoyote, lakini naye alisubiri majina. Alikwisha kuamua kwamba kifo cha aina hii lazima kielezwe kwa orodha ya wanaume, na kwamba marehemu ni jumla ya wanaume hao. Hakuna mhusika aliyemlazimisha kuamua hivyo. Tamthiliya inamwacha aijenge hukumu mwenyewe, kisha inaiondoa mbele ya macho yake. Swali la darasani lingepaswa kuwa: “Ulitegemea kusikia nini, na nani alikufundisha kutegemea hivyo?” Kwa mwanafunzi wa Makambako swali hilo ni zito zaidi, kwa sababu yeye ni msomaji anayesubiri majina na papo hapo ni mtu ambaye wengine, wakisikia anakotoka, humsubiria yeye orodha.

Hata hivyo, kazi hii ina udhaifu unaohusiana moja kwa moja na hoja ya makala haya. Kwa kuweka maadili mahali pa majina, inawaachia wanaume wa jukwaani nafasi ya kupumua. Hofu yao inakwisha, na lawama inahamia kwenye mambo yasiyo na mwenyewe. Furaha ameheshimiwa, lakini mlolongo wa waliomfikisha pale umefutwa. Tamthiliya inakataa kutoa hukumu bila isnadi, jambo ambalo ni sahihi, kisha inakaribia kutoa msamaha bila isnadi. Msomaji anaweza kuondoka na nafuu ileile ya wanaume hao, akiamini kwamba kilichokosekana ni elimu na upendo kwa ujumla, na kwamba yeye hakukosea lolote.

7.0 Mpokezi wa mwisho

Udhaifu huo unafungua swali la wajibu. Kufuatilia chimbuko la hukumu kunaweza kuwa njia ya kunawa mikono: mtu hugundua kwamba aliipokea kwa bibi, mwalimu au gazeti, akajiona mrithi asiye na hatia. Elimu ya isnadi haimruhusu kufanya hivyo. Katika mlolongo wowote, anayeisimulia kauli sasa ni mpokezi wa mwisho, na udhaifu wake unahesabiwa kama wa wengine. Swali “nimeipata wapi?” halikamiliki bila “nimempa nani?”

Mhakiki na mtafiti wamo katika mlolongo huo. Maandishi ya kitaaluma yana muundo wake unaolingana na “inasemekana”. Nao ni “katika jamii nyingi za Kiafrika inaaminika kuwa”, au “jamii ya Wabena huamini”. Nomino “jamii” hufanya kazi ya kiambishi i-: huonekana kama mtenda, lakini hakuna mtu anayeweza kuulizwa. Hu- ya mtafiti nayo haina tarehe kama ilivyo hu- ya abiria wa basi. Mtafiti anayeandika kwamba jamii fulani huamini utajiri hutokana na dawa, bila kueleza ni nani alimwambia, wapi, mwaka gani, na ni nani palepale aliyekataa, ameipa kauli ya mtaani cheti cha chuo kikuu. Aliyekataa ni muhimu kwa namna ya pekee, kwa kuwa katika kila kijiji kinachosemwa kuamini jambo wapo wasioliamini, na jina la kabila huwafuta.

Marekebisho yanayopendekezwa ni madogo na yanawezekana. Pale palipo na “inasemekana”, atajwe msemaji au kauli iondolewe. Pale palipo na hu-, iulizwe kama -li- ingefaa. Pale palipo na “ingawa”, sentensi ya tatu iliyofichwa iandikwe kwa ukamilifu na isomwe kwa sauti. Mara nyingi mwandishi atakapoiona imeandikwa hatakubali kuweka jina lake chini yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba hukumu ya awali kuhusu Njombe na Makambako haikutokana na uongo mtupu. Imetokana na mambo ya kweli, yaani mkonge, maduka, mauaji na takwimu, yaliyopitia katika sarufi inayofuta msemaji na tarehe. Utani ulikuwa na kinga dhidi ya ufutaji huo: msemwa alikuwapo na alijibu. Nje ya utani, kinga hiyo lazima ijengwe kwa makusudi na kila anayesema. Orodha imeonyesha kwamba fasihi inaweza kumnasa msomaji akiwa katikati ya kuhukumu, ingawa haikumfikisha kwenye wajibu wake. Kazi hiyo iliyobaki ni ya uhakiki, na nyenzo zake zimo katika viambishi ambavyo wahakiki wenyewe huvitumia kila siku.